Dola 310,000 za Marekani, laki mbili na nusu za dalali: Datsun ya baba ina thamani gani?

SWALI: Assalamu alaykum mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Malindi. Kaacha nyumba, shamba dogo la minazi kule Mambrui, na gari la spoti la Datsun 240Z la 1972 alilolinunua 1974 kwa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa. Boneti alilipaka rangi nyeusi kwa mkono wake mwenyewe, lifanane na gari lililoshinda mbio za Safari Rally. Tangu 2009 liko bandani, halijawashwa. Kuna dalali wa Mombasa ametoa shilingi laki mbili na nusu, na anasema hiyo ni hisani tu. Kaka yangu aliye Dubai anasema nisithubutu, ameona moja kama hilo limeuzwa dola 310,000 huko Marekani. Tuko watoto watatu, kaka zangu wawili na mimi, na mama yu hai. Niambie ukweli, gari lina thamani gani? La pili naona haya kuliandika. Dalali amekuja mara tatu kuliangalia, na mara zote tatu nimemwambia funguo za banda sizioni. Funguo ninazo mkobani. Nina nini mimi? — Binti wa marehemu, Malindi.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam dada yangu, na Mungu amrehemu mzee.

Kaka yako hakudanganywa. Januari 2020, kwenye mnada wa mtandaoni huko Marekani, 240Z moja ya 1971 ilikwenda kwa dola 310,000. Ila mwulize kama aliangalia gari lenyewe au aliangalia bei tu. Lile lilikuwa limetembea maili elfu ishirini na kidogo katika nusu karne. Halikuwa limetengenezwa upya. Lilikuwa halijaguswa, na hizo ni habari mbili tofauti. Mtu aliyelipa pesa zile alinunua kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena hata uwe na fundi hodari namna gani, maana ukishatengeneza umeshagusa. Gari la mzee wako limepigwa na upepo wa bahari kwa miaka karibu hamsini. Zimetoka kiwanda kimoja, jina moja, lakini sokoni hayo si magari ya aina moja.

Dalali naye hakudanganya sana, kwa namna yake. Gari hilo lina uzito wa kilo elfu moja na ushee. Piga hesabu ya chuma chakavu, ongeza kabureta mbili, usukani, vioo na taa ambavyo anajua wa kumuuzia, utaona laki mbili na nusu haimtii hasara hata ikitokea bodi imeoza yote. Hiyo ni bei ya mtu anayenunua gari asiloliona. Wewe ndiye uliyemficha funguo, kwa hiyo na yeye kakupa bei ya gari lililo gizani.

Basi ukweli uko kati ya hizo mbili, na karibu zaidi na dalali kuliko Marekani. Samahani. Lakini kuna nafasi kubwa hapo kati, na kazi yangu ni kukuonyesha namna ya kupanda.

Gari la kawaida thamani yake ni ngazi ya kushuka. Kipya kinyemi, Probox ikishatoka bandarini Kilindini imeanza kuteremka na haitapanda tena mpaka iwe masufuria. Gari la spoti huteremka vilevile, mara nyingi kwa kasi zaidi, kwa sababu lina viti viwili, linakunywa petroli na mwenye watoto wanne halimfai. Hukaa chini kisimani miaka kumi, ishirini. Kipindi hicho ndicho hunyofolewa viti, hubadilishwa injini, huegeshwa chini ya mkungu na kuku wakatagia ndani. Halafu baadhi yake, si yote, huanza kupanda. Watu hudhani yanapanda kwa sababu yamezeeka. La. Uzee hauna bei. Yanapanda kwa sababu kijana wa miaka kumi na miwili aliyeliona likipita, akasimama na baiskeli yake akaliangalia mpaka likapotea, sasa ana miaka hamsini, karo ameshamaliza kulipa, na ana pesa.

Hilo ndilo jambo moja ninalotaka ulishike katika barua hii yote, dada. Mnunuzi wa gari la zamani hanunui kumbukumbu zako. Ananunua zake.

Ukilishika hilo utaelewa mengi. Utaelewa kwa nini vijana waliokulia kwenye michezo ya kompyuta sasa wanatoa pesa za nyumba kwa Nissan Skyline GT-R ya R34, gari la 1999, ambalo Marekani halikuruhusiwa kuingia kirahisi mpaka lilipotimiza miaka 25. Utaelewa kwa nini Porsche 911 za mwisho zilizopozwa kwa hewa, zilizoishia 1998, zikawa dhahabu, na ndugu yake aliyefuata, ile 996 ya kupozwa kwa maji, ikabaki kuwa 911 ya bei nafuu kwa miaka mingi. 996 ina kasi zaidi. Ni gari bora ukipima kwa saa na kwa mizani. Watu walizikataa taa zake za mbele zilizokaa kama yai la kukaanga lililomwagika, wakaogopa beringi moja ndani ya injini iliyokuwa na sifa mbaya, na zaidi ya yote hawakuwa wameiota utotoni. Na kuna MGB ya Waingereza, gari zuri tu, lililotengenezwa zaidi ya laki tano kuanzia 1962 hadi 1980. Yako mengi, na waliolipenda ujanani wanazidi kupungua. Bei yake inakwenda kwa mkongojo.

Na zikipanda, dada, huteremka pia. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988 watu walikimbilia magari yake kama wakimbiliao unga wa mgao, bei zikaruka mara mbili mara tatu, watu wakakopa benki kununua magari ambayo hawakuwahi hata kuyakalia. Miaka ya 90 ilipoanza, povu likapasuka. Waliokuwa wakipenda magari walibaki na magari. Waliokuwa wakipenda faida walibaki na deni.

Sasa 240Z yenyewe. Ilitengenezwa Japani kuanzia 1969 hadi 1973, injini ya silinda sita mstari mmoja, lita 2.4. Zilitoka zaidi ya laki moja na nusu, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ni adimu kama ile Ferrari 250 GTO ya magari 36 tu. Kilicho adimu ni 240Z isiyo na kutu. Wajapani wa wakati ule walitumia bati jembamba na rangi ya kubahatisha, na zilioza hata katika nchi zisizo na bahari, sembuse hapa petu.

Lakini gari hili lina kitu ambacho MGB haina, nacho kilizaliwa katika vumbi letu. 1971 Safari ilinyakuliwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller katika 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta katika 240Z nyingine. 1973 Mehta akashinda, na ushindi wenyewe ulikuwa wa ajabu: alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa pia ndani ya Datsun, ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi njiani kabla ya kupata pointi ya kwanza ya adhabu. Magari ya kiwanda yalikuwa mekundu, boneti jeusi lisilong'aa ili jua lisimpige dereva machoni. Mzee wako alijua alichokuwa akikifanya na ile brashi.

Naomba sasa nikufundishe kulitazama gari, maana bila hivyo kila mtu atakupiga bei. Tafuta sumaku, hata ile ya spika mbovu, uifunge kwa kipande cha leso ili isikwaruze. Fungua banda asubuhi, jua likiwa bado upande. Anza chini ya mlango, kwenye ule ukingo mrefu kati ya tairi la mbele na la nyuma. Buruta sumaku polepole. Penye bati utaisikia inavuta, kama mtoto anayekushika nguo. Penye puti, ile ya kuzibia bati lililooza, itaanguka mkononi. Endelea kwenye madigadi ya nyuma, pembeni mwa mlango wa buti, kisha inua zulia la ndani ugonge sakafu kwa kifundo cha kidole: bati zima hulia, bati lililooza hunyamaza. Halafu fungua boneti uangalie chini ya betri. Hapo ndipo 240Z zote huanza kuugua, asidi ya betri inadondoka miaka na miaka na kula bati mpaka inafika kwenye mhimili wa chesi. Ukiona tundu la kupita kidole chini ya betri, usilie, ni kawaida. Ukiona tundu la kupita ngumi, na mhimili unamomonyoka kama sembe ya jana, basi bei imeshuka nusu papo hapo.

Ukiwa hapo hapo kwenye injini, chukua kitambaa chenye mafuta ya taa ufute kile kibati kilichopigwa ripiti. Kimeandikwa namba ya gari na namba ya injini. Namba ya gari imepigwa tena kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na dashibodi. Kwa gari lililoletwa kwetu likiwa na usukani kulia inatakiwa ianze na HS30. Ikianza na HLS30, lilizaliwa na usukani kushoto na mtu amelihamisha. Kisha tafuta namba ubavuni mwa bloki ya injini, inaanza na L24. Ikilingana na ile ya kibati, dada yangu, kaa chini unywe maji. Nimewaona wenye 240Z hapa Pwani waliotoa injini ile wakatia ya Toyota kwa sababu fundi aliwaambia spea hazipatikani. Gari lilikwenda vizuri tu. Thamani ilibaki pale chini kwenye mchanga pamoja na ile injini.

Usiwashe! Nimeona gari likiuawa mchana mmoja na shemeji mwenye betri mpya. Petroli ya 2009 imekuwa kama asali iliyochacha ndani ya tangi na kabureta, na pistoni huenda zimeshikana na silinda. Zing'olewe plagi zote sita, yamiminwe mafuta kidogo ya injini katika kila tundu, liachwe siku tatu au nne, kisha fundi azungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka, umepata habari inayouzwa kwa pesa. Isipozunguka, mwache. Asitie nondo.

Na usilipake rangi. Hili nalirudia kwa sababu kila mwenye kuuza huja na wazo hilohilo, “nilipendezeshe kidogo.” Mnunuzi anayejua akiona rangi mpya juu ya gari la 1972 lililolala bandani, haoni uzuri, anauliza umeficha nini. Vumbi la miaka ni shahidi mzuri kuliko rangi ya wiki jana. Ukitaka kuliosha, tumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho. Maji ya visima vyetu hapa mjini mengi yana chumvi, na nimewaona watu wakiosha magari kila Ijumaa kwa bidii kubwa huku wanayatia kutu kwa ndoo. Turubai la plastiki liondoe pia, linafungia unyevu. Shuka la pamba latosha.

Bei, basi. Sitakuandikia namba ya mwisho bila kulala chini ya gari, ila nitakuonyesha namna mnunuzi wa kweli anavyohesabu, nawe utie tarakimu zako. Soko la gari hili halipo Malindi. Lipo kwa wapenzi wachache wa Nairobi, wanaokwenda mbio za magari ya zamani zilizoanza 2003, na lipo nje, katika nchi zinazoendesha upande wetu, Uingereza na Australia. Uingereza gari la zaidi ya miaka 30 lililobaki katika hali yake ya asili huingia kama kitu cha kihistoria, kwa kodi ya asilimia 5 tu. Hapo utaona tena kwa nini ile injini ya Toyota ni msiba.

Tuseme, na ni mfano tu, kwamba gari la namna hiyo likishatengenezwa barabara linauzwa shilingi 6,000,000. Mnunuzi anatoa 3,400,000 za bodi, injini, rangi na ndani, kwa sababu kutu ya Malindi haina masihara. Anatoa 400,000 za kontena na makaratasi. Anatoa 1,000,000 ya hatari yake, maana akishafungua ile sakafu hajui atakuta nini. Imebaki 1,200,000. Hiyo ndiyo bei anayoweza kukupa bila kukuibia na bila kujiibia. Kila kitu unachoweza kumthibitishia kinapunguza ile milioni ya hatari: picha za chini ya gari, namba zinazolingana, risiti za mzee, logibuku ya asili. Wazee wale walikuwa hawatupi karatasi. Angalia ndani ya masanduku, chini ya godoro, ndani ya msahafu mkubwa. Risiti moja ya 1974 yenye jina la muuzaji inaweza kuleta pesa kuliko kupaka rangi gari zima.

Kuna jambo jingine linalokusaidia kimyakimya. Serikali yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Maana yake tajiri wa Nairobi akiitamani 240Z, hawezi kwenda Japani kuchukua moja kama anavyochukua Vitz. Lazima aitafute miongoni mwa zilizokwisha kuwamo nchini, na kila mwaka chumvi inazila. Sheria iliyowaumiza wengi imekupandishia bei wewe. Lakini usijigambe nayo sana. Wanunuzi nao ni wachache, na wanajuana.

Sasa la mirathi, ambalo hukuliuliza ingawa umelitaja. Gari hilo bado si lako kuliuza, hata dalali angeleta milioni kumi. Ni la marehemu mpaka mirathi ifunguliwe, na sheria ya Kenya ya urithi inakataza mtu kuigusa mali ya maiti bila idhini ya mahakama. Kwa vile nyinyi ni Waislamu, nendeni kwa Kadhi hapo Malindi. Madeni kwanza, wasia kama upo, kisha mafungu. Tuchukue ile 1,200,000 ya mfano. Mama ana thumni, yaani moja ya nane, 150,000. Zinabaki 1,050,000 za watoto, zinagawanywa mafungu matano: kila kaka mawili, wewe moja. Kaka zako 420,000 kila mmoja, wewe 210,000. Kwa hiyo ukitaka kulibakiza gari, unatakiwa uwaridhishe wenzako kwa 990,000, kwa pesa, au kwa minazi ya Mambrui, au kwa radhi yao. Namba hiyo iangalie vizuri. Ndiyo bei yako wewe ya gari hilo, haihusiani na Marekani wala na dalali. Na kadiri utakavyowaaminisha kwamba gari ni la dola 310,000, ndivyo utakavyojipandishia bei ya kulibakiza. Kaka wa Dubai huenda hajalifikiria hilo. Au analifikiria.

Nije kwenye funguo zilizo mkobani.

Huna ugonjwa. Kulikuwa na watafiti wa saikolojia na uchumi, Kahneman, Knetsch na Thaler, waliochapisha majaribio yao 1990. Waliwapa nusu ya wanafunzi wa darasa vikombe vya kawaida, vya kunywea chai, wakawaambia ni vyenu, mkitaka uzeni. Nusu nyingine wakaambiwa wanunue. Wenye vikombe walitaka karibu mara mbili ya walichokuwa tayari kulipa wasiokuwa navyo. Vikombe walivyokaa navyo dakika chache tu! Sasa wewe umekaa na gari hilo umri wako wote.

Katika kazi hii ya kukadiria magari, na nimeifanya tangu 1988 kati ya Mombasa na Malindi, nimeona wanaume wazima wakitoka nje kuvuta sigara mnunuzi alipokuwa akikagua gari, na wengine si wavutaji. Nimeona mmoja akimkatalia mnunuzi aliyefikisha bei yake yote, shilingi kwa shilingi, kwa sababu jamaa aliufunga mlango kwa kishindo. Mwenye gari la spoti la zamani huwa na bei mbili. Moja anaitaja. Nyingine hata yeye haijui mpaka aisikie, na akiisikia huumia, maana ametambua kumbe lilikuwa linauzika.

Mimi mwenyewe nilikuwa na Fiat 124 Spider. Nililinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akifanya kazi Ngomeni, kule walikokuwa wakirushia setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, alipokuwa anarudi kwao. Usukani kushoto, paa la turubai lililotoboka, na ukiendesha usiku njia ya Casuarina unaisikia bahari upande mmoja na injini upande mwingine. Mwaka uliofuata shule zilipofunguliwa niliuza. Mnunuzi wa Mtwapa alilipa nusu, nyingine akaahidi mwisho wa mwezi, na mwezi huo haujaisha mpaka leo. Lakini pesa si kilichoniuma. Miaka baadaye nilipita nyuma ya gereji moja nikaliona halina milango, ndani wamepanga mitungi ya gesi. Nilijifanya sikuliona. Nilikuwa na mke wangu, naye akajifanya hakuniona najifanya.

Sikusimulii haya kukuambia usiuze. Nilipaswa kuuza, watoto walisoma. Nakuambia ili utofautishe. Yale maumivu ni yako, ni ya halali, na yana thamani, ila usimtumie mnunuzi ankara yake. Hatalipa, na wewe utabaki bandani miaka mingine kumi ukisubiri mtu wa kulipia kumbukumbu, huku kutu haisubiri. Nimeona magari mengi yakiozea mikononi mwa watu walioyapenda. Mnunuzi akitoa bei ya haki, yale maumivu yaweke upande mwingine wa mizani: je, yanafikia 990,000? Yakifikia, zungumza na kaka zako, libakize, na ulitunze. Yasipofikia, uza, na siku ya kulipakia mwambie binamu yako ashughulike, wewe nenda kwa mama.

Kabla hujauza kaa ndani yake, hata nusu saa. Upande wa abiria, kama ndiko ulikokuwa ukikaa. Watu hucheka nikiwaambia hivi. Harufu ya viti vile vya plastiki vilivyopikwa na jua haitatoka tena mahali pengine popote.

Na sasa niungame jambo, maana si haki ufuate ushauri wa mtu usijue amesimama wapi. Malindi ni ndogo. Datsun nyekundu yenye boneti jeusi haikuwa mbili. Nilikuwa darasa la tano, tukitoka madrasa, na tulikuwa tukilisikia kabla hatujaliona, likitokea upande wa Sabaki. Tulikuwa tukikimbia mpaka Barabara ya Lamu na vitabu vyetu mikononi ili tuone likipita. Dereva alikuwa akiinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, basi, na sisi tunashinda wiki nzima tukibishana kamwinulia nani.

Kwa hiyo mimi ni yule mnunuzi niliyekueleza hapo juu. Ningetoa zaidi ya linavyostahili, na ningekuwa nalipia utoto wangu, si gari lako. Ndiyo sababu sitalinunua, wala sitakuletea mtu. Tafuta mkadiriaji mwingine, ambaye hakukulia hapa, akupe namba kwa maandishi ya kupeleka kwa Kadhi. Ila ukiipitisha ile sumaku, boneti lipitishie mwisho, taratibu. Kama mzee alipaka juu ya rangi ya kiwanda bila puti, sumaku itashika kote, na pembeni kwenye ukingo wa ndani utaona nyekundu ya chini imechungulia. Mtu akikushauri uisugue nyeusi ili nyekundu itoke, mwambie funguo huzioni.